Mfuko wa Kamera ya Bi Nyufa

Bi Nyufa hakuzaliwa na hasira. Tuliseme hilo mapema, maana yanayofuata yanaweza kukufanya umdhanie vingine. Kwa asili alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye mwili mwepesi na miwani mizito, aliyeajiriwa na idara ya majengo ya mji kwa kazi moja tu, kutafuta nyufa. Shule ikianza kupasuka ukuta, anaitwa. Soko likidondosha plasta juu ya kabichi za watu, anaitwa. Anaegemeza ngazi, anapanda, anautazama ufa kama daktari anavyotazama koo la mgonjwa, anaupiga picha, anashuka. Jina hilo alibandikwa kazini na wala halikumkera, kwa kuwa halikumsingizia.

Sasa, upigaji picha wenyewe si lelemama. Ufa ukipigwa peke yake hauna maana. Kwenye picha unaweza kuonekana mpana kama mlango, kumbe hata unywele haupiti. Kwa hiyo kila ufa hupigwa pamoja na rula. Hapo ndipo taabu inapoanza. Mkono wa kushoto unapenya katikati ya vipandio, unaikumbatia ngazi kwa kiwiko, na papo hapo unaibandika rula ukutani. Unaobaki ni wa kulia, na huo ndio wa kuitoa kamera, kuiwasha, kulenga, kubofya na kuirudisha. Mkono wa tatu hakuna. Bi Nyufa alikwisha kuwaeleza watu wengi habari hii ya mkono wa tatu. Wote walitikisa vichwa kwa huruma, na hakuna hata mmoja aliyemsikia.

Kamera yake ya zamani ilikuwa na ile kamba nyembamba ya kuvaa kiganjani, inayotoka nayo kwenye boksi. Siku moja, juu ya tangi la maji la hospitali, kamba ikakatika. Kamera ikagonga ukingo, ikapita kwenye mfuniko uliokuwa wazi, ikatumbukia. Chini alikuwapo mwenzake aliyeshika ngazi, bwana mmoja mnene aitwaye Nguzo kwa sababu akishaishika ngazi haondoki, hageuki wala hasemi. Siku hiyo alisema.

"Imeenda hiyo," alisema Nguzo.

Mkuu wa kitengo akamwita Bi Nyufa ofisini. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kutamka mambo mabaya kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Akamkabidhi kamera mpya, nyeusi, ndogo ya kuenea kiganjani.

"Mama, hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Ikianguka na hii, sina la kukutetea. Utahamia masjala, upange mafaili. Na kusema kweli, kwa umri wetu huu, si vibaya mtu akakaa chini kidogo."

"Umri wetu upi?"

"Nasema tu."

"Na mfuko wake?"

"Mfuko gani?"

"Wa kubebea. Na mkanda. Nitaivaaje?"

Mkuu akachungulia ndani ya boksi, akavuta kamba nyembamba ya kiganjani, ndugu baba mmoja mama mmoja na ile iliyokatika. "Si hii hapa?"

Bi Nyufa alitoka pale akiwa ameuma meno. Masjala aliijua. Ilikuwa chini kabisa ya jengo, dirisha lake limeelekea ukuta, taa zinawaka mchana kutwa, na watu wa mle hutembea polepole kama wamo majini. Hakuwa na ugomvi nao, maskini, ila alijijua mwenyewe. Chini alikuwa mke, mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa lakini hawakomi kupiga simu, mkwe wa mtu, na mtafutaji wa soksi zilizopotea. Juu ya ngazi alikuwa mtu anayejua kazi yake, na upepo unampiga usoni, na hakuna anayeweza kumwita aje jikoni. Alipapenda juu. Alipapenda kwa namna ambayo angeona haya kuisema mbele ya watu. Kwa hiyo kamera ile isingeanguka, na ili isianguke ilihitaji mfuko wa maana na mkanda wa maana. Jambo dogo namna hiyo, jamani. Mfuko!

Alianza na duka la kamera. Muuzaji alikuwa amefunga tai na alikuwa na tabasamu la mtu aliyekwisha kuamua utanunua nini. Akamletea begi kubwa la mgongoni.

"Hili linaingia kamera, lenzi zake, taa, na kompyuta juu."

"Mimi nina kamera moja. Ndogo hivi."

"Utaongeza nyingine."

"Sitaongeza."

"Wote husema hivyo," alisema muuzaji, akacheka peke yake.

Alipoona hachekewi, akaliweka begi kando, akatoa kijifuko chekundu kinachong'aa, cha kufungwa kwa kamba ya hariri. "Basi hiki hapa. Hiki ndicho wanachokipenda kina mama."

"Kina mama wanaofanya nini?"

Muuzaji akakirudisha kijifuko rafuni. Mwishowe akaleta kifuko cha kawaida chenye mkanda wa shingoni, na Bi Nyufa akasema huo angalau tuujaribu. Kuujaribu kwake kulikuwa ni kuvuta stuli, kupanda juu yake, kupitisha mkono wa kushoto kwenye rafu za duka na kuinama mbele kama anayetafuta ufa darini. Mkanda wa shingoni, kama ulivyo mkanda wowote wa shingoni, ukaning'inia. Kifuko kikabembea, kikaenda, kikarudi, kikagonga kioo cha kabati paa! Wateja wote wakageuka.

"Dada, shuka tafadhali," alisema muuzaji, tabasamu limemkauka.

Bi Nyufa akashuka na kwenda zake mikono mitupu. Hasira hapo ilikuwa bado changa. Kosa lake alilifanya jioni, alipofika nyumbani na kusimulia.

Nyumbani kulikuwa na mumewe na mama wa mumewe. Mama mkwe alikuwa na dawa ya kila kitu, na dawa ilikuwa moja. "Mkwe wangu, weka kifuani," alisema, akijipiga kifua kwa kiganja. "Mimi vitu vyangu vyote vya maana huvitia hapa, na hakijawahi kuanguka kitu."

"Mama, nikiwa kwenye ngazi siwezi kuingiza mkono kifuani mbele ya watu wa soko."

"Kwani wao hawana vifua?"

Mumewe yeye hakucheka. Alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba hiyo hiyo, penye cherehani, marobota ya vitambaa na vumbi la sponji lililoganda hadi kwenye nyuzi za buibui. Sifa zake zilienea. Makochi yake hayakuwa na kunyanzi hata moja. Ulikuwa ukiketi yanakurusha. Aliposikia neno duka, aliweka kikombe chini.

"Umekwenda dukani," alisema. "Kutafuta kitu cha kushonwa."

"Nimekwenda kutazama tu."

"Mke wa fundi. Na watu wamekuona."

"Wewe unashona makochi, bwana wewe. Mimi nataka mfuko wa kamera."

"Kochi ni nini kama si mfuko?" aliuliza, na tayari alikuwa amekwisha kusimama kutafuta futi ya kamba.

Akaipima kamera urefu, upana na unene. Kisha akampima mkewe. Alimsimamisha katikati ya sebule, miguu pamoja, mikono chini, kichwa juu, kama askari wa gwaride. Bi Nyufa akasema kwamba akiwa kazini hasimami hivyo. Akasema kuna mkono wa kushoto uliopita kwenye ngazi, kuna rula, kuna kuinama. Akarudia habari ya mkono wa tatu.

"Mwili ni ule ule," alisema fundi, akiwa na kalamu mdomoni.

Mfuko wa kwanza ulikuwa tayari kesho yake. Sasa ngoja nikueleze jambo moja la mafundi makochi. Kitambaa cha mto hukatwa kidogo kuliko sponji inayoingia ndani. Ndivyo sponji inavyojibana, mto ukajaa, na kunyanzi zikakimbia. Mikono ya fundi ilikuwa imekata hivyo maisha yake yote, na safari hii pia ilikata hivyo hivyo, bila kumuuliza mwenyewe ni nini kinachoingia ndani. Sponji hubonyea. Kamera haibonyei.

"Inaingia," alisema fundi, akisukuma kwa kidole gumba. "Wewe shika huku. Mama, vuta huko."

Wakaisukuma watu watatu, ikaingia. Na humo ndani mfuko ukaibana pande zote, ukabana mpaka kitufe cha kuwashia. Kamera ikaamka. Lenzi ikataka kutoka nje kama ilivyofundishwa, haikupata njia, ikaanza kunguruma. Grrr, tik. Grrr, tik.

"Inalia!" alisema mama mkwe, akarudi nyuma.

"Itoe!" alipiga kelele Bi Nyufa.

"Haitoki."

"Paka mafuta ya kupikia," alishauri mama mkwe kutoka mlangoni.

Fundi akachukua wembe, akapasua mshono wake mwenyewe huku jasho likimtiririka. Kamera ikatoka imetoa lenzi nusu, kioo kimeandika kwamba kuna hitilafu. Bi Nyufa akaketi sakafuni. Aliiona masjala, dirisha lake na ukuta wake, kana kwamba ipo pale sebuleni. Akaizima kamera, akangoja, akaiwasha tena. Lenzi ikasitasita, ikatoka yote. Hakusema neno. Angelisema, lingekuwa si neno la kusema mbele ya mama mkwe.

"Hamna shida," alisema fundi, akijifuta uso. "Nimeshaelewa kosa."

Alichoelewa kilikuwa kwamba mfuko unatakiwa uwe mkubwa. Wa pili ulikuwa mkubwa kweli. Aliushona kwa kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, masalio ya kochi la mteja, akauzungushia utepe wa dhahabu, akaujaza sponji ndani. Kwenye mdomo aliweka zipu. Juu ya zipu akaweka kifuniko. Kifuniko kikafungwa kwa kile kitambaa kinachonata na kulia kraa ukikibandua, na juu yake tena kifungo cha kubonyeza, mtu asije akasema. Mkanda ulikuwa mpana, na ulimfika Bi Nyufa pajani.

"Sasa hata ikidondoka kutoka mawinguni," alisema fundi, "itakuwa imelala usingizi."

Kesho yake Nguzo aliutazama kwa muda mrefu. "Umebeba mto?" aliuliza. Kwa Nguzo hiyo ilikuwa hotuba.

Siku hiyo kazi ilikuwa shuleni, kwenye boriti iliyo juu ya mlango wa darasa. Bi Nyufa akapanda, akaikumbatia ngazi kwa kiwiko, akaibandika rula. Kwa mkono wa kulia akabonyeza kifungo, kikafunguka. Akabandua kifuniko, kraa, wanafunzi darasani wakainua vichwa. Akaivuta zipu, na mfuko mzima ukaifuata zipu, maana hakuna aliyeushika kwa chini. Akavuta tena. Mfuko ukapanda hadi begani. Ndipo akaushika kwa meno, mwanamke mtu mzima, mtumishi wa umma, ananing'inia juu ya mlango wa darasa na kitambaa cha kochi kimejaa mdomoni. Zipu ikafunguka. Rula ikamponyoka, ikashuka, ikaigonga kofia ngumu ya Nguzo. Katika kuidaka kamera isiifuate rula, akabofya.

Mkuu wa kitengo aliitazama picha ile kwenye kompyuta yake, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Hii ni nini?"

"Kidevu," alisema Bi Nyufa.

"Cha jengo gani?"

"Changu."

Mkuu akashusha pumzi kwa huruma nyingi. "Masjala watapaka rangi mwezi ujao," alisema. "Patapendeza sana."

Alirudi nyumbani amejaa mpaka shingoni. Njiani alikuwa ameyapanga maneno yote, mazito, moja baada ya jingine. Lakini fundi alimpokea mlangoni, vipande vya uzi vimemganda kwenye nyusi, uso umenawiri kama wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Vipi mfuko?"

Bi Nyufa akautazama uso ule. "Unafaa sana," alisema.

Hapo ndipo alipojichimbia shimo. Fundi aliwasimulia wateja wake wote, na mama mkwe akawasimulia wale ambao mwanawe hakuwafikia. Jirani akaja kuomba ashonewe wa kutia dawa zake za presha. Kila asubuhi Bi Nyufa alitoka nyumbani amevaa mto wa damu ya mzee, akifika kazini anaushindilia kwenye droo, na kamera anaitia mfuko wa suruali. Mfuko wa suruali, ukipanda ngazi, hufunguka mdomo kila unapoinua goti. Alilijua hilo. Alilijua kila alipoinua goti. Akafika mahali pa kupanda kipandio kimoja, kugusa paja, kipandio kimoja, kugusa paja, na nyufa zenyewe anazitazama kwa nusu ya akili.

Kisha ikatokea. Ilikuwa kwenye ukuta wa bohari moja, goti likapanda, kamera ikatoka. Nguzo aliona. Hakuiachia ngazi, hawezi kuiachia huyo, ila alitokeza tumbo lake mbele kadiri lilivyoweza kwenda, nalo lilikuwa tumbo lenye uwezo. Kamera ikatua juu yake, ikadunda, ikabaki imelala kati ya tumbo na ngazi.

Bi Nyufa alishuka mbio, akaichukua kamera pale ilipolala.

"Mwambie mumeo," alisema Nguzo.

Alimkuta fundi karakanani akikata kitambaa cha maua. "Huu wa siku za mapumziko," alisema fundi bila kugeuka. "Ule wa kila siku usichakae."

Bi Nyufa alimpa vidonge vyake vyote kwa mkupuo. Alimwambia mfuko wake si mfuko, ni kochi la mtoto. Alimwambia mkanda unampiga pajani kama mkia wa ng'ombe, zipu haifunguki mpaka meno, na kwamba mwezi mzima umelala kwenye droo. Alimwambia kamera leo imeokolewa na tumbo la mtu. Alipomaliza, hata cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza.

"Ulisema unafaa," alisema fundi.

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya uso wako huo! Utazame! Nani angeuambia ukweli uso huo?"

Fundi akaweka mkasi mezani. "Mimi nilipima kila kitu," alisema kwa unyonge uliozidi kumpandisha mwenzake hasira.

"Ulinipima nimesimama sebuleni! Hujawahi hata siku moja kuja kuniona kazini. Kesho unakuja. Utaona kwa macho yako mkono unakopita, halafu utaniambia huo mkanda ukae wapi."

Akaja. Kazi ilikuwa kwenye jengo la soko, ghorofani, ufa umeshuka kutoka kwenye mfereji wa paa. Fundi akapewa kofia ngumu na mahali pa kushika ngazi kando ya Nguzo. Bi Nyufa akavaa mto wa damu ya mzee kwa makusudi kabisa, akapanda, akafika, akapitisha kiwiko, akaibandika rula. Kisha akaanza kufundisha kwa sauti kubwa, ili asikike chini.

"Sasa tazama! Mkono huu hautoki! Huu mwingine ndio wa kufungua! Unauona mfuko unavyonifuata? Unaona sasa nafanyaje kwa meno? Unaona?"

Akatazama chini. Fundi alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili, shavu limebanwa kwenye kipandio, macho ameyafumba.

"Shuka," alisema fundi.

"Hujatazama!"

"Nimetazama. Shuka."

Alishuka kwa ushindi. Alidhani sasa yamekwisha. "Umeona kosa liko wapi?"

"Nimeona." Uso wake ulikuwa umepauka. "Kosa liko kwamba wewe uko kule juu. Miaka yote unaniambia napanda ngazi, napanda ngazi. Mimi nilidhani ngazi! Ya kubadilishia taa! Sikujua unakwenda kuning'inia mbinguni na kiwiko kimoja. Mfuko wa kule mimi siwezi kuushona. Bosi wako ana akili. Kaa masjala."

Bi Nyufa alikuwa amemleta mtu huyu kwa mikono yake mwenyewe ili arekebishe mkanda, na sasa amejipatia mkuu wa kitengo wa pili, huyu wa kulala naye nyumba moja. Akamtazama Nguzo kutafuta msaada, na Nguzo akatazama ngazi.

"Nitaonana na bosi wako," alisema fundi. "Nitamwambia mwenyewe."

"Ukionana naye, utalala karakanani na vitambaa vyako."

"Nitalala."

Siku zilizofuata nyumba ile haikukalika. Fundi na mkewe walizungumza kupitia kwa mama mkwe, ambaye alifikisha kila neno akiwa ameliongezea chumvi. "Mwanangu anasema chai haina sukari," alisema, "na anasema wewe una kichwa kigumu tangu siku ya posa." Cherehani haikulia. Bi Nyufa alikuwa na hasira na mumewe, na mkuu wa kitengo, na mtengenezaji wa kamera aliyeona kamba ya kiganjani inatosha, na zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe kwa kusema unafaa sana. Na chini ya hasira hizo zote alikuwa anaogopa. Kazini walikuwa wamempangia majengo ya chini tu, na mezani kwake kulikuwa na harufu ya rangi mpya iliyopanda kutoka masjala.

Siku moja alipotoka kazini alipitia uani, akasimama ghafla. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa karakana. Haikuwa ngazi ya nyumbani. Ilikuwa ngazi ya idara, ile ndefu, yake mwenyewe, yenye alama ya rangi nyekundu miguuni. Kando yake palikuwa na meza ya kukatia vitambaa, na juu ya meza amesimama fundi, futi ya kamba shingoni, pini zimejaa mdomoni.

"Hiyo imefikaje hapa?"

Fundi akatoa pini. "Nimeonana na bosi wako."

Bi Nyufa akaushika mguu wa ngazi yake. "Umemwambia nini?"

"Nilikwenda kumwambia akuweke chini. Akafurahi. Akanipeleka mwenyewe kunionyesha meza utakayokaa." Fundi akatazama pembeni. "Nikasimama pale, nikakuona umekaa. Kwa mawazo tu. Umekaa pale, halafu unarudi hapa jioni. Nikasema, mwezi mmoja tu wa hivyo, na mimi na mama tutahama. Basi nikamwomba ngazi."

"Ukamwomba ngazi."

"Ya kupimia. Panda."

Bi Nyufa alipanda, kwa sababu hakujua la kufanya jingine. Akapitisha kiwiko cha kushoto, akanyoosha mkono kama ameshika rula, akainama kama anavyoinama. Fundi, juu ya meza yake, alimpima kutoka bega hadi ubavu, kutoka ubavu hadi mahali vidole vya kulia vinapoangukia vyenyewe bila kutafuta. Mdomo ulikuwa umejaa pini, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika habari hii yote hakuweza kubisha. Mke alisema, "Hapo," naye akachoma pini hapo. Mke alisema, "Usiweke kifuniko," naye akatikisa kichwa kukubali, ingawa kilimuuma.

Mfuko wa tatu ulikuwa mbaya wa sura. Ulikuwa wa turubai la kijivu, mdomo wazi, umepitishwa mpira kwa ndani ambao huibana kamera na kuiachia ukiivuta kwa vidole viwili. Hapakuwa na sponji wala utepe. Mkanda mmoja ulipita mgongoni kwenda bega la kushoto, mwingine kiunoni, na uzi mnene ulioshonwa mara nyingi uliifunga kamera kwenye mfuko wenyewe. Bi Nyufa akauvaa, akapanda. Akashusha mkono wa kulia bila kutazama. Kamera ilikuwepo. Akaitoa, akaiwasha, akabofya, akairudisha. Kisha, macho makavu na moyo juu, akaitoa tena na kuiachia kusudi. Mama mkwe akapiga ukelele dirishani. Kamera ikashuka kidogo, uzi ukaidaka, ikabaki inazunguka polepole pembeni mwa goti lake.

Alishuka karibu anacheka. Lakini mguu ulipogusa ardhi na mikono ikashuka, mkanda ukamkaza. Bega likavutwa juu, mfuko ukamkwama kwapani, akasimama upande upande kama mtu aliyebanwa na kichomi.

"Sasa hii nini tena?" alisema, na hasira yote ikamrudia. "Hata hautembeleki! Unanivuta bega. Bwana wewe, huwezi kushona kitu kimoja kikatosha? Urefushe kidogo tu."

"Siurefushi."

"Kwa nini?"

"Nikiurefusha utabembea ukiwa kule." Fundi alikuwa anachomoa pini moja moja kutoka kwenye mkono wa shati lake, hamtazami. "Chini uuvue uubebe mkononi. Sikukupimia wa chini. Chini mimi nipo, nitakushika. Nimekupimia wa kule nisikokufikia."

Bi Nyufa alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu mengi, ya mwezi mzima, yote makali, na hakuna hata moja lililotaka kutoka. Akasimama pale na bega lake juu na miwani imeingia ukungu. Kisha akageuka, akashika ngazi, akapanda vipandio vichache, akainua mikono, na mkanda ukalegea akapumua. Chini, fundi akashuka mezani akaja kuishika ngazi.